Ratiba ya Kuvuka Mfereji

Port Fuad, 22 Februari 1987

Kwako Mama Mdogo Dawlat,

Shikamoo. Salamu zikukute ukiwa mzima, wewe na binti yako Ghada na majirani wote wa Zagazig. Sisi wawili huku tunamshukuru Mungu. Bibi goti humsumbua kukiwa na unyevu, na Port Fuad lini hakuna unyevu. Ulimi wake lakini haujapatwa na ugonjwa wowote. Mimi mzima.

Barua yako niliipata jana. Umeniuliza maswali kumi na manne. Nayajibu yote, maana nisipojibu moja utaandika barua nyingine kuliuliza hilo.

Msije Ijumaa. Maduka hufunguliwa baada ya sala, na mtakuwa mmekaa barabarani tangu asubuhi bila kazi. Njooni Jumamosi tarehe 14 Machi. Basi dogo mlilokodi liondoke saa kumi na mbili asubuhi, lipite Ismailia, saa tatu mtakuwa Port Said. Dereva asimame karibu na kituo cha reli. Mtaa wa maduka atafukuzwa na polisi. Choo safi kiko ghorofa ya juu ya duka la mablanketi: semeni mnapanda kutazama mablanketi.

Kuhusu forodha. Mji wetu vitu vinaingia bila ushuru, lakini kwenye kutoka kuna lango, na langoni wanapekua mifuko. Hawapekui ulichovaa mwilini. Nyinyi mnajua hilo, na maofisa wanajua kwamba mnajua. Nakuomba tu uwaambie wenzako wasizidishe. Mwezi uliopita nilimwona mama mmoja akipanda basi kama godoro lenye miguu.

Ratiba ni hii. Saa tatu hadi saa sita, soko. Saa sita na nusu, wewe waache wenzako waendelee, panda kivuko, vuka Mfereji, uje huku ng'ambo kwetu. Kivuko ni bure, hakina tiketi, hakichukui hata dakika kumi. Labib, jirani yetu wa chini, bado ndiye mfunga kamba na atakutambua. Saa saba chakula kwa Bibi. Saa tisa unarudi. Saa kumi basi linaondoka.

Bibi ameshaagiza mkizi wa kuchoma kwa pumba. Mama Mdogo, ni mwaka na miezi mitatu tangu Mama afariki, na hujaingia nyumba hii. Safari zenu za soko nimezihesabu: hii ni ya tano.

Mwanao,
Inas


Zagazig, 19 Machi 1987

Mwanangu Inas, kipenzi changu,

Marahaba na zaidi. Sisi hatujambo, mafua tu ya hapa na pale. Mpe mama yangu salamu, mbusu mikono yote miwili.

Usinune kwanza. Nitakueleza. Ratiba yako niliikunja nikaiweka kifuani, na ilikuwa nzuri, hata choo tulikipata. Lakini saa sita kamili, jirani yangu Mama Hamdi haonekani. Tukazunguka soko lote, nasema nitamwambia nini mumewe. Tunamkuta wapi? Juu ya rundo la mablanketi, anakunywa chai ya mwenye duka, hajanunua hata soksi! Namwambia, "Wewe mwanamke, una akili?" Ananijibu, "Dawlat, hapa pana kivuli." Saa yenyewe ilikuwa tisa kasorobo. Ningevuka saa ngapi?

Halafu lile lango. Ofisa akamwambia Mama Hamdi, "Keti hapo mama, usubiri zamu yako." "Nitasimama, mwanangu." "Keti mama, ni amri." "Mwanangu, nikikaa sitainuka." Suruali nne, Inas. Nne, na magauni mawili juu yake. Yule ofisa alicheka mpaka kofia ikamdondoka, akatupitisha sote.

Nilicheka na mimi. Nakwambia ukweli.

Sasa nipangie ya Sikukuu ya Kunusa Upepo, tarehe 20 Aprili, ni Jumatatu. Wanawake wanataka kukaa ufukweni na samaki wao wa chumvi, kisha soko kidogo. Safari hii nitavuka mapema, kabla ya kila kitu. Niandikie saa kwa saa kama kawaida yako.

Mama yako mdogo,
Dawlat


Port Fuad, 28 Machi 1987

Mama Mdogo,

Shikamoo. Afya zetu ni zilezile. Za kwenu natumaini ni njema.

Sitacheka habari ya Mama Hamdi. Nilicheka mara moja, nikajichukia.

Ngoja nikueleze siku ile ilivyokuwa upande huu wa maji. Bibi alikaa kwenye roshani tangu saa tano. Saa saba alisema, "Kivuko kimejaa watu." Saa nane alisema, "Dawlat tangu utotoni anachelewa, hata kuzaliwa alichelewa." Saa tisa aliingia ndani akafunika samaki kwa sahani. Kesho yake tulimla wa baridi. Nikawa namtazama. Akaniambia, "Kula, usinitazame."

Nina tabia mbaya: nikikasirika naandika ratiba. Ukifungua daftari langu la chuo utakuta ratiba zako nyingi kuliko historia ninayosoma. Naona kama nikiipanga siku vizuri vya kutosha, bila ufa wowote, hutapata pa kutorokea. Halafu unatoroka kupitia Mama Hamdi.

Basi nakwambia kwa barua nililotaka kukwambia uso kwa uso. Nimepata nafasi ya kusoma shahada ya pili Aleksandria. Wamechukua wawili tu kutoka chuo chetu. Lazima niwe pale tarehe 5 Septemba kwa mahojiano na kujiandikisha, na baada ya hapo ni kukaa hukohuko miaka miwili. Nisipofika, nafasi anapewa anayefuata, wala hawatangoja kuuliza kwa nini.

Na Bibi siwezi kumwacha peke yake. Nilimwambia ahamie kwako Zagazig. Najua umeshakisia jibu, ila nakuandikia alivyolisema: "Nilihamishwa mara moja, mwaka wa sitini na tisa, kwa lori, mabomu yako nyuma. Waliniambia wiki mbili. Nikakaa miaka mitano kwenye darasa la shule, majirani wakiwa upande wa pili wa shuka. Mimi silali tena nje ya Port Fuad. Mchana nitakwenda popote, usiku hapana."

Ghada anaolewa Juni. Baada ya hapo utabaki mwenyewe kwenye vyumba viwili vya kupanga. Nakuomba uje ukae naye. Hapa kuna vyumba vitatu na roshani. Baba yuko Kuwait na hatarudi kwa ajili ya hili. Ameniandikia kwamba msichana kukaa nyumbani si msiba. Umebaki wewe tu.

Kwa hiyo tarehe 20 Aprili: shuka basini, usiingie soko, nenda moja kwa moja gatini, panda kivuko. Hiyo ndiyo ratiba nzima.

Mwanao,
Inas


Zagazig, 25 Aprili 1987

Inas wangu,

Salamu na baraka. Sikukuu imepita salama? Sisi tumeonja upepo mpaka tumeshiba, na wenzangu wawili wameumwa matumbo kwa wale samaki wa chumvi, lakini wamepona.

Nilikwenda gatini. Naapa nilikwenda. Ila msafara wa meli ulikuwa unapita na kivuko kikasimamishwa. Meli ya kwanza, ya pili, ya tatu, kubwa kama mitaa. Tukangoja, tukangoja, mwisho muda ukaisha na dereva anapiga honi. Mfereji ni mfereji, mwanangu, hauniulizi mimi.

Habari ya Aleksandria ni jambo kubwa na la heshima. Mama yako angepiga vigelegele. Tutalizungumza tukikutana, mambo kama haya hayaandikwi. Harusi ya Ghada nayo imenishika koo, mapazia bado, sufuria bado.

Mwambie mama yangu namwota.

Mama yako mdogo,
Dawlat


Port Fuad, 3 Mei 1987

Mama Mdogo,

Ramadhani njema. Bibi anafunga ingawa daktari amemkataza. Mimi nafunga na nina hasira, kwa hiyo sijui kama funga yangu inahesabiwa.

Siku ya sikukuu Labib alipanda ngazi mpaka kwetu. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, maana nimekuwa nikiyarudia kichwani tangu siku hiyo:

"Inas, mama yako mdogo ana shida gani? Amekaa kwenye benchi la gatini tangu adhuhuri, anakula mbegu za boga. Nimemwambia, dada Dawlat, twende. Akasema, kinachofuata. Nikarudi nikamwambia, twende. Akasema, kinachofuata. Mimi leo nimevusha kinachofuata mara kumi na moja."

Hakukuwa na msafara wa kusimamisha kivuko saa zile, Mama Mdogo. Labib yuko majini miaka thelathini. Umemdanganya mtu ambaye dirisha lake linatazama Mfereji.

Mara kumi na moja! Ningeelewa kama ungekuwa sokoni. Ningesema, anapenda nguo, kuna watu wanapenda nguo. Lakini kukaa pale, ukaiona nyumba ya mama yako kule ng'ambo, ukatafuna mbegu?

Sasa nasema ambalo nimelifungia kinywani. Mama alipofariki hukuja kuzika. Nikasema, taarifa ilichelewa. Hukuja siku ya tatu. Nikasema, anaumwa. Hukuja arubaini. Watu walikuja kutoka Suez, kutoka Damietta, mpaka mwanamke aliyekuwa akimuuzia Mama mayai alikuja. Kila aliyeingia aliuliza, "Dawlat yuko wapi?" Nami nikajibu, "Yuko njiani." Siku arubaini nilikuwa nasema uko njiani.

Nafikiri hutaki mzigo wa Bibi. Ukisema hivyo kwa maandishi nitaacha kukuandikia ratiba, nitaacha Aleksandria, na sitakulaumu zaidi ya hapa. Ninachoshindwa ni hii danadana.

Inas


Port Fuad, 16 Juni 1987

Mama Mdogo Dawlat,

Shikamoo. Natumaini mko wazima.

Wiki sita hujaandika. Kadi ya harusi ya Ghada ilifika, bahasha ina mwandiko wako, ndani hakuna hata mstari. Sikuja kwa sababu Bibi halali peke yake, na kwa sababu sikujua kama kadi ile inanialika au inaniaga. Nimemtumia Ghada taulo. Mungu amjalie nyumba yenye heri.

Siombi radhi kwa nilichosema, maana ni kweli. Naomba radhi kwa kukisema mwezi wa Ramadhani na kwa mwandiko mkubwa vile.

Bibi anauliza kila posta inapopita. Namwambia uko na shughuli za harusi. Unaona? Nimerudia kazi yangu ileile ya kukusemea.

Andika, hata matusi.

Mwanao,
Inas


Zagazig, 20 Julai 1987

Mwanangu Inas,

Salamu. Mimi mzima wa mwili. Ghada ameshakwenda kwake, nyumba imekuwa kimya kama umeme umekatika.

Nimeanza barua hii mara nne. Nikiandika vizuri naichana. Sasa naandika vibaya.

Tarehe 9 Novemba, mwaka ule, nilikuwa Port Said.

Sikuwa Zagazig. Nilikuja na wanawake kununua vitu vya Ghada, safari ya kwanza kabisa. Nilijua dada yangu anaumwa, uliniandikia, lakini uliandika kwamba amepata nafuu, anakaa kitandani anakula. Nikajisemea, nikimaliza soko nitavuka nimwone. Kisha nikaona vile vitu vyote, Inas, vile vitambaa. Ghada ndiye binti yangu pekee. Ikafika saa tisa. Nikasema, ah, safari ijayo nitakuja kwa ajili yake tu, nikae vizuri, leo nimechoka na nimechafuka. Tukaingia choo cha lile duka la mablanketi tukavalishana. Mimi nilivaa magauni matatu ya kulalia ya biarusi, ya hariri, chini ya nguo zangu. Tukapita langoni tunachekana. Njia nzima mpaka Ismailia tunaimba nyimbo za harusi.

Telegramu yako ilifika kesho yake. Uliandika: saa tisa na nusu alasiri.

Hesabu mwenyewe. Saa ile nilikuwa nimesimama chooni nikiinua mikono, Mama Hamdi ananivisha gauni la pili. Ng'ambo ya maji, hata nusu saa haifiki. Wanamwosha dada yangu, mimi nimevaa hariri ya biarusi.

Ningeingiaje kwenye matanga? Wangeniuliza, "Taarifa ilikukuta wapi?" Uongo ule nisingeuweza mbele ya mama yangu. Siku ya tatu nikasema kesho. Arubaini nikavaa nyeusi, nikafika stendi, nikarudi. Na wewe unajua kwetu: usipolipa msiba kwa siku zake, mlango wa ile nyumba unakuwa mzito kila siku inayopita. Huwezi kuingia siku ya kawaida ukasema habari za asubuhi, nimeleta machungwa. Huna uso.

Unadhani nafuata nguo. Nani anahitaji nguo nyingi hivyo? Nilikuwa nikiwakusanya majirani ili kuwe na basi, ili niwe na sababu ya kufika gatini. Kila safari nasema leo. Mama Hamdi hakupotea, mwanangu. Yule alikuwa pale kwenye mablanketi tangu saa nne na nilijua.

Usimwambie mama yangu. Aleksandria nenda, usiiache. Tafuta mtu mwingine wa kukaa naye, nitamlipia kwa kushona.

Dawlat


Port Fuad, 1 Agosti 1987

Mama Mdogo,

Shikamoo. Bibi mzima. Sikukuu ya Kuchinja inakaribia na ameshagombana na mchinjaji.

Nimesoma barua yako mara tatu. Bado nimekasirika, lakini sasa sijui hasira niiweke wapi. Ilikuwa na mahali pake, umeihamisha.

Hutaniuliza, kwa hiyo nakwambia mwenyewe: Mama alikutaja. Sitakudanganya kukupoza. Mchana ule alikutaja wewe, akaomba chai, akataka mtu afunge dirisha. Alivitaja vyote kwa sauti moja. Nililifunga dirisha. Chai haikuwahi.

Bibi sijamwambia neno. Lakini mtu wa kulipwa simtafuti. Bibi alimfukuza mwuguzi wa Mama siku ya pili kwa sababu alikunja shuka vibaya.

Naandika ratiba ya mwisho. Tarehe 4 Septemba naondoka kwenda Aleksandria. Tarehe 5, Jumamosi, nina mahojiano asubuhi. Nikifaulu, masomo ya maandalizi yanaanza palepale. Usiku wa tarehe 4 mke wa Labib atalala na Bibi. Usiku mmoja tu, ana watoto wadogo. Tarehe 5 unakuja wewe, na mzigo wako wa kukaa. Mimi sitakuwepo. Hakuna atakayekutazama usoni ila mama yako.

Saa moja jioni nitapiga simu duka la dawa lililo chini ya nyumba yetu. Mwenye duka akiniambia hujafika, napanda basi la asubuhi, narudi, na nafasi naiacha. Sikutishi. Ninakueleza usafiri tu, kama ulivyozoea kuniuliza.

Mwanao,
Inas


Port Fuad, 8 Septemba 1987

Inas, mwanangu,

Salamu nyingi kutoka meza yako ya kusomea, ambayo mguu mmoja ni mfupi. Mimi mzima. Mama yangu mzima, mzima kupita kiasi.

Mwenye duka la dawa anasema alikwambia "amefika" nawe ukakata simu bila hata asante. Kwa hiyo hujui lolote. Nitakueleza.

Nilikuja na basi la wanawake, si kwa kujificha, ni kwamba lilikuwa linakuja. Nilivaa nyeusi. Lakini nikaona aibu, watu wataniuliza nani amekufa, na nitajibu dada yangu, lini, mwaka juzi. Kwa hiyo juu ya nyeusi nikavaa lile gauni langu la maua mekundu, nivue gatini. Joto la Septemba! Mama Hamdi ananiambia, "Dawlat, watu huvaa mbili wakati wa kutoka, wewe unaingia nazo?"

Saa tano nilikuwa kwenye benchi, na begi langu miguuni. Labib akaja. "Dada Dawlat, twende." Inas, ulimi wangu ukasema, "Kinachofuata." Wenyewe. Akanitazama, akaondoka. Kikaja, nikasema nasimama, nikabaki nimekaa. Kingine. Sikumbuki vingapi. Nikawa nalia na kutokwa jasho, na gauni lile vifungo vimenikaba.

Kikaja kimoja, watu wakashuka, na mwisho wao nikamwona kizee amemshika Labib mkono, anamwambia asimvute kama mbuzi. Alikuwa mama yangu. Ameshuka ghorofa nne na goti lile.

Akaja akasimama mbele yangu. Akanitazama mwanzo mpaka mwisho.

"Umekonda."

"Nimenenepa, Mama."

"Basi umenenepa vibaya. Sogea nikae."

Nikasogea. Akavuta pumzi. Nikamwambia, "Mama, goti lako." Akasema, "Goti langu lina adabu kuliko wewe. Labib ananiambia tangu mwezi wa tatu kwamba unakaa hapa. Nikasema nimwache achoke. Kumbe wewe huchoki. Nimechoka mimi."

Kisha akanigeukia, akaanza kunifungua vifungo. Pale pale, mbele ya wauza samaki. "Mama, watu wanatazama." "Watazame, ndicho walichofuata mjini. Utazimia, punguani wewe, nani amekuvalisha hivi?" Akafungua cha kwanza, cha pili, cha tatu, akafikia nyeusi iliyo chini. Mikono yake ikasimama.

Akamalizia vilivyobaki, akalivuta lile gauni, akalikunja vizuri, akaliweka kwenye begi langu. Akasema, "Haya, simama." Nikasimama.

Katikati ya maji nikamwambia. Yote, choo, hariri, nyimbo. Sikumwangalia, nilikuwa naangalia kamba. Kisha akasema:

"Mimi nilikuwa jikoni. Alikuwa amelala chumba cha pili na mimi nilikuwa napepeta mchele. Kila anayefiwa, Dawlat, huwa mahali fulani anafanya kitu fulani. Ulitaka uwe wapi, umesimama na sanduku la maiti mkononi?"

Halafu akaongeza, "Ila kuvuka ungevuka." Hilo halijaniacha, na sitaki liniache.

Nyumbani sikupelekwa jikoni. Alinipeleka sebuleni, akanionyesha kiti cha wageni, kile cha mkono wa kulia wa mlango. Akaniambia nikae. Akaingia ndani mwenyewe akapika kahawa ya matanga, isiyo na sukari, akanitolea kwa sinia, akakaa mbele yangu na mikono mapajani. Akangoja. Nilielewa anangoja maneno ya rambirambi. Nikasema, "Maisha yaliyobaki yawe yako, Mama." Akajibu, "Na wewe Mungu akurefushie, ahsante kwa kuja." Kama mtu wa mtaa mwingine. Nikainywa mpaka mwisho. Akachukua kikombe, akaniambia, "Msiba umelipwa. Sasa inuka ukanunue vitunguu, na mapazia haya yafuliwe kesho, Inas anafua kama mtu anayefukuzwa."

Siku tatu sasa. Nimefua mapazia mara mbili. Chumvi yangu nyingi, kisha chumvi yangu kidogo. Jana ameniamsha alfajiri kuniambia kwamba nakoroma kwa lafudhi ya Zagazig. Uliishije na mtu huyu, mwanangu? Vyumba vya Zagazig narudisha ufunguo mwisho wa mwezi.

Kaa huko usome.

Mama yako mdogo,
Dawlat


Aleksandria, 14 Septemba 1987

Mama Mdogo,

Shikamoo, na umwambie Bibi shikamoo yake aipokee bila kukosoa. Mimi mzima. Bweni lina kelele, chakula ni maharage asubuhi na maharage jioni, na walimu wawili kati ya watatu hawajaonekana. Nimepita mahojiano.

Simu niliikata kwa sababu sauti ilinikauka. Mwombe radhi mwenye duka.

Barua yako niliisoma ngazini, nikacheka hadharani, kisha nikakasirika. Nimekaa siku mbili natafuta kwa nini. Ratiba zangu zote, Mama Mdogo, saa kwa saa, na kilichokuvusha ni Bibi kuchoka! Nilidhani ni hilo. Si hilo.

Ni kile kiti. Siku zile tatu za matanga mimi ndiye niliyebeba sinia. Nilijua nani anataka kikombe kidogo, nani ana kisukari, viti vimetosha au nikaazime kwa Labib. Wageni waliingia, wakakaa mkono wa kulia wa mlango, wakapewa. Bibi akipokea maneno yao, Baba, aliyekuja kutoka Kuwait, akipokea kwa wanaume. Mimi nilikuwa mtu wa nyumba. Nilisuuza vikombe. Ilipofika arubaini nilikuwa nimevisuuza vyote na hakuna aliyekuwa ameniambia neno lile la rambirambi, kwa sababu kila aliyefungua mdomo nilimwuliza kama anataka maji.

Ninakaa na msichana anaitwa Mirvat, wa Damanhur. Anaongea tangu anapofumbua macho, hata naye nilishaanza kumwandikia ratiba ya kunyamaza. Jana jioni alikuwa anaeleza habari za mjomba wake na pikipiki. Nikamkatiza, nikamwambia, "Mama yangu amefariki."

Akashtuka. "Lini?"

"Mwaka juzi."

Nilingoja acheke, au aseme pole halafu arudi kwa mjomba wake. Hakufanya hivyo. Alitoka kwenda jiko la bweni, akakawia, akarudi na kahawa kwenye glasi kwa kuwa vikombe hakuna. Haikuwa na sukari. Akaondoa nguo zake juu ya kiti, akakivuta mpaka karibu na mlango, akaniambia nikae.

Mwanao,
Inas